Watoto Wangu, Herodotus na Kompyuta ya Mtumba

Mgeni akija kwetu Nyegezi, Mwanza, jioni na kuwakuta watoto wameinamia kompyuta, hachelewi kuuliza. Wapo wanaouliza kwa upole, wapo wanaouliza kwa kejeli: "Hawa nao mmewaachia wacheze gemu?" Mimi hujibu kwamba hawachezi, wanatengeneza. Jibu hilo halimtoshi mtu, maana kinachoonekana kwenye kioo ni mamba anayefungua na kufunga kinywa, na mtoto wa kiume aliyekaa pembeni anacheka peke yake. Nikiongeza kwamba yule mamba ametoka kwa Herodotus, Mgiriki aliyeandika zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, basi mazungumzo huhamia kwenye bei ya dagaa.

Leo nijibu kwa nafasi.

Wanangu wanasoma shule kama watoto wengine wa mtaani. Binti yuko darasa la sita, mdogo wake la nne. Ninachokizungumzia ni masomo ya jioni, ya Jumamosi na ya likizo, hapo mezani kwetu. Mimi ni mhasibu. Kompyuta nilikuwa naijua kwa upande wa majedwali ya mahesabu tu. Mambo ya kuandika programu nimejifunzia humuhumu ndani pamoja nao, mara nyingi nikiwa nyuma yao. Ninachotaka wakipate ni ile elimu ya kale: sarufi, mantiki na balagha (ufundi wa kushawishi kwa maneno), kisha hesabu, jiometria, muziki na falaki, yaani elimu ya nyota. Hizo ndizo sanaa saba zilizofundishwa katika vyuo vya Ulaya vya zama za kati, na mizizi yake iko kwa Wagiriki. Juu yake nimeweka tenzi, methali na bao, kwa sababu sioni faida ya mtoto kumjua Homer, mshairi wa Wagiriki, halafu asimjue Mwana Kupona, mshairi wa Waswahili.

Kuna wanaosema hayo ni mambo ya Wazungu, mtoto wa Mwanza yanamhusu nini? Huwa nawaelekeza Ukerewe, hapo ng'ambo ya maji. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akasomeshwa Seminari ya Rubya kule Kagera, akafundishwa Kilatini mpaka kikamkaa. Kisha alirudi kisiwani, na mwaka 1945 akamaliza kuandika riwaya kubwa kwa Kikerewe, yenye kilimo, ndoa, uzazi, pombe na desturi za mababu zake, na baadaye akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Mtu akiniambia kwamba Kilatini humtoa mtoto kwao, namtajia huyo mzee tu, halafu nanyamaza.

Sasa kompyuta inaingilia wapi? Inaingilia hapa: kompyuta ni mwanafunzi asiyejifanya ameelewa. Mtoto akimweleza mwalimu jambo nusunusu, mwalimu humalizia mwenyewe kichwani, kwa sababu anajua mtoto alikokuwa anaelekea. Mama ndiyo usiseme. Mimi nikisikia neno la kwanza tu la jibu sahihi nishaanza kutabasamu. Kompyuta haimalizii mtu chochote. Ukiiambia nusu ya kanuni, inafanya hiyo nusu, tena mbele ya macho yako, bila aibu. Kwa hiyo mtoto anayetaka kuifundisha lazima yeye mwenyewe awe ameshalijua lile jambo mpaka pembe zake zote. Ndiyo maana nikaona kutengeneza gemu na kusoma vitabu vya kale havigombanii mtoto mmoja.

Mfano nilioupenda kuliko yote ni wa mizani, yaani hesabu ya silabi katika shairi.

Binti yangu alikuwa anasoma utenzi ambao Mwana Kupona wa kisiwa cha Pate alimtungia binti yake, Mwana Hashima, mwaka 1858. Utenzi una sheria kali: kila ubeti vipande vinne, kila kipande mizani nane, vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne kinabeba kina kinachokwenda hadi mwisho wa utenzi wote. Nikamwambia: iandikie kompyuta programu ya kuhesabu mizani, tuone. Tulitumia Python, lugha ya programu ambayo Mholanzi Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991. Ni ya bure na haina mbwembwe.

Akaanza na kanuni anayoijua kila mtoto: kila silabi ya Kiswahili inaishia na irabu, kwa hiyo hesabu irabu, basi. Mistari michache tu ya programu. Akaipa kipande cha kwanza kabisa cha utenzi: "Negema wangu binti." Programu ikajibu saba. Akaipa cha pili: "Mchachefu wa sanati." Saba tena.

"Mama, Mwana Kupona amekosea."

Nikamwambia aghani kwa sauti, apige vidole mezani. Akapiga: ne-ge-ma-wa-ngu-bi-n-ti. Nane. Akarudia polepole, akakisimamisha kidole kwenye ile n. Kumbe n ya "binti" inasimama peke yake, ina mizani yake, lakini n ya "wangu" imebebwa na g, haina kitu. Na ile m ya "mchachefu" nayo inasimama. Shuleni aliwahi kufundishwa habari za silabi, akapata vema kwenye daftari, akasahau. Safari hii hakuwa na namna ya kusahau, kwa sababu mashine ilikuwa inamsubiri.

Kilichofuata kilichukua siku kadhaa za likizo. Akaweka kanuni ya m: ikifuatwa na konsonanti, ihesabu. Mara "mwana" likapata mizani tatu, kwa sababu ya w. Akaitoa w. Mara "nyumba" likapata tatu, kwa sababu m imefuatwa na b. Akaitoa b. Mara ndugu yake akapita akaandika "mvuvi" na "mvua." Hapo palimchosha. Mvuvi ni m-vu-vi, tatu. Mvua ni mvu-a, mbili. Herufi mbili za mwanzo ni zilezile! Akaniuliza, nami nikamwambia atafute tofauti ya hayo maneno mawili nje ya herufi. Alipoipata alinijia jikoni mbio: mvuvi wengi wao ni wavuvi, mvua haina wengi. Yaani ile m ya mvuvi ni kiambishi cha ngeli, inaondoka ikaja wa. M ya mvua imezaliwa na neno. Sijui kama kuna mwalimu wa sarufi anayeweza kumfanya mtoto akimbie jikoni kwa habari za ngeli.

Halafu likaja neno "mbuni." Mbuni ndege ana mizani mbili. Mbuni anayebuni vitu ana mizani tatu. Tahajia haitofautiani hata nukta. Kompyuta haiwezi kujua kwa kutazama, na binti alikasirika kweli, akaona ameshindwa na ndege. Mwishowe aliamua kwamba programu ikikutana na neno hilo isimame na kumuuliza mtumiaji: unamaanisha ndege, au mtu? Kwa maneno kama "daftari" na "labda," ambayo yametoka Kiarabu na konsonanti zake zimekaa vibaya, hatujaafikiana hadi leo. Babu yao ana maoni yake, mimi yangu.

Kutokana na programu hiyo akatengeneza gemu dogo: unapewa ubeti wenye pengo, unachagua neno, na likipungua au kuzidi mizani jahazi lako halisogei. Kwa macho ya mtu mzima ni gemu la kuchosha kidogo. Lakini sasa binti akisikia shairi redioni anapiga vidole bila kujijua, na mtunzi akiteleza anaguna.

Niseme na hili kabla sijalisahau: programu inahesabu, haighani. Tenzi kwetu zinasomwa kwa sauti baada ya chakula, kompyuta imezimwa, na beti nyingine wanazishika kwa moyo kama sisi tulivyozishika. Hapo sitaki mashine ikaribie.

Kwenye jiometria sitakaa sana. Python ina kobe ndani yake, mchoraji mdogo anayeburuta kalamu. Unamwambia nenda mbele hatua 100, geuka digrii kadhaa. Wazo la kobe huyo lilitoka kwenye Logo, lugha ya programu ya watoto iliyotengenezwa Marekani mwaka 1967, na mmoja wa waanzilishi wake ni Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria. Mdogo alikuwa amechora kwa bikari pembetatu ya pande sawa, ile ambayo Euclid, Mgiriki wa kale wa jiometria, anaanza nayo kitabu chake cha kwanza: duara mbili, unaunganisha. Anajua kila pembe ni digrii 60. Akamwambia kobe ageuke 60. Kobe akachora nusu ya umbo la pande sita, akaenda zake. Ikabidi mtoto asimame katikati ya sebule, atembee pembetatu kwa miguu yake, ndipo akaona kwamba kwenye kona anageuka sana kuliko alivyodhani: 120, mara tatu, unarudi ulikoanza umezunguka 360. Nilipomwambia kwamba Euclid hakutumia digrii hata mara moja, alipimia pembe kwa pembe mraba tu, alinitazama kama namdanganya.

Bao ndiko mantiki ilikopata mwalimu wa kweli. Tunaishi na baba mkwe, na jioni bao lake huwa chini ya mwembe. Mdogo akataka kuliingiza kwenye kompyuta. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 6 kwenye nyumba, yaani shimo lake maalumu, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi. Hayo ni mepesi. Ugumu ulianza alipokwenda kuuliza sheria.

"Babu, shikamoo. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu inakuwaje?"

"Marahaba. Unalala, zamu yako imeisha."

"Na likiwa na kete?"

"Inategemea, mjukuu wangu."

"Inategemea nini, babu?"

Mzee alinyamaza, akaitazama kete mkononi. Amecheza bao tangu akiwa kijana, na hakuna aliyewahi kumbana hivyo. Akaanza kueleza: kama kwa mwenzako mbele yake kuna kete, unakula; kama hakuna, unazichota unaendelea. "Siku zote?" Hapana, kama ulianza kwa kutakata, yaani bila kula, basi huli mpaka zamu yako iishe. "Na ikiishia kwenye nyumba?" Nyumba ina mambo yake. Mtoto akaandika daftarini "nyumba ina mambo yake," akachora mshale, akaweka alama ya kuuliza. Zile kurasa zake, zenye mishale ya ndiyo na hapana inayoelekea kila upande, ni somo la mantiki safi kuliko lolote ningeweza kulitunga mimi, na mzee naye amekiri kwamba kuna sheria mbili alikuwa anazifuata bila kujua kwamba anazijua.

Bao la kompyuta linacheza sasa, kwa kufuata sheria, lakini halina akili: linachagua hatua yoyote inayoruhusiwa. Babu analifunga huku anaongea na simu.

Niseme kidogo kuhusu vifaa, maana mimi huulizwa hilo kuliko hayo yote. Kompyuta yetu ni ya mtumba, tuliinunua mjini kwa laki tatu na ushee. Duka lilituhakikishia betri ni nzima. Betri ilikuwa imekufa. Kwa hiyo umeme ukikatika kila kitu ambacho hakijahifadhiwa kinapotea. Faida yake ni kwamba watoto wanapanga kazi kwenye daftari kwanza, na kompyuta inawashwa wakati mtu anajua anachotaka kuiambia. Mdogo anatumia zaidi Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ambapo badala ya kuandika unaunganisha vipande vya rangi vyenye amri. Ni ya bure, unaweza kuiweka iwe kwa Kiswahili, na ukishaipakua mara moja huhitaji bando tena. Simu haimfai mtoto kwa kazi hii, kioo ni kidogo na vishawishi ni vingi.

Yale magemu yanayouzwa kwa jina la kujifunzia siyapendi. Unaulizwa saba mara nane, ukipatia nyota zinamwagika. Ni mtihani uliovalishwa nguo za harusi. Mtoto hajifunzi kitu ambacho karatasi isingemfundisha, ila anajifunza kutarajia nyota.

Tuje kwa mamba.

Herodotus alifika Misri, akauliza kila aliyemuona anafaa: Nile inaanzia wapi? Aliandika kwamba kati ya Wamisri, Walibya na Wagiriki aliozungumza nao hakuna aliyedai kujua, isipokuwa karani mmoja wa hazina ya hekalu katika mji wa Sais. Karani akamwambia kuna milima miwili, Crophi na Mophi, na katikati yake chemchemi zisizo na kina; nusu ya maji inakwenda kaskazini Misri, nusu kusini. Herodotus anasema alimwona karani kama anafanya mzaha.

Nilipowasomea hayo, binti alifungua dirisha. Kutoka kwetu Ziwa Victoria, ambamo Nile inatoka, linaonekana kwa mbali, kipande tu. Swali ambalo yule mzee wa Kigiriki alilihangaikia, wao jibu lake wanachotea maji ya kufulia! Hapo ndipo gemu lilipozaliwa. Unaanzia Sais, una mashua, na unapandisha mto kutafuta chanzo. Ukifika huku kwetu umeshinda.

Mtu wa kwanza unayekutana naye ni karani. Ukimwamini unaishia Aswan, kusini mwa Misri, unazunguka milima miwili ambayo haipo hadi chakula kinakwisha. Sasa karani hawezi kusema uongo wa kitoto, maana hakuna mchezaji atakayemfuata. Binti alimwandikia maneno, mdogo wake akayasoma akasema, "Huyu anaonekana mwongo kabisa." Akaandika tena: sasa karani anataja kwanza kitu cha kweli unachokijua, kisha anakusifu, kisha anakupa milima. Akaandika tena: anasitasita kidogo kabla ya kukuambia, kana kwamba ni siri ya hazina. Balagha ndiyo hiyo, nami nilikuwa kimya nakata mchicha.

Aswan tulikaa muda mrefu, kwa sababu ya kisima. Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Aleksandria, alisikia kwamba mchana wa siku ndefu kuliko zote jua huko Aswan linamulika hadi chini ya kisima, wakati Aleksandria fimbo ina kivuli, na kivuli hicho kinatoa pembe ambayo ni sehemu moja ya hamsini ya duara. Umbali wa miji hiyo mara hamsini, ukapata mzunguko wa dunia. Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la sita anaiweza. Sisi tuna bahati ya kukaa karibu na Ikweta: Mwanza iko kama digrii mbili na nusu kusini, kwa hiyo jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na siku za mwisho za Septemba. Septemba tulisimamisha fimbo uani. Watoto walitegemea kivuli kingepotea saa sita kamili, kikakataa. Kilipotea kwenye saa sita na dakika arobaini hivi. Saa zetu zinafuata mstari wa longitudo 45, ambao uko mashariki yetu mbali, na jua halijui habari za saa za ofisini. Hilo limeingia kwenye gemu: mchezaji akifika kisimani lazima asubiri muda sahihi, na muda sahihi si ule unaoandikwa saa sita.

Mamba ndiye aliyeleta ugomvi. Herodotus anamweleza vizuri sana, halafu anasema hana ulimi, na kwamba taya anayoisogeza ni ya juu. Anasema pia kuna ndege anayeingia kinywani mwake kumtoa ruba. Mdogo aliweka swali kwenye gemu: je, mamba ana ulimi? Ukisema ndiyo unaliwa. Dada yake akapinga, kwa sababu mamba ana ulimi, ila umeshikamana na sakafu ya kinywa na hawezi kuutoa nje. Mdogo akajibu kwamba kitabu kimesema hana. Waliparurana kwa maneno jioni nzima. Walichofikia, bila mimi kutia neno, ni hiki: swali linaulizwa mara mbili. Kule Sais anauliza Herodotus, na jibu linalokupitisha ni hapana. Huku ziwani anauliza mvuvi, na jibu ni ndiyo. Mchezaji anayejibu kwa mazoea anakwama mahali pamoja au pengine.

Ukiipita Khartoum kwenda kusini unaingia kwenye vinamasi vikubwa vya Sudan Kusini. Seneca, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba mfalme Nero wa Roma alituma maakida wake wawili kutafuta chanzo, wakafika kwenye vinamasi vipana ambavyo hata wenyeji hawakujua vinaishia wapi. Mdogo alichora magugumaji, kwa sababu ndiyo anayoyaona yakiganda ufukweni. Dada yake akamwambia magugumaji yalikuja Afrika kutoka Amerika Kusini, na ziwani kwetu yameonekana tangu miaka ya 1980 hivi, Nero hakuyaona. Akafuta yote, akachora mafunjo. Alinuna, lakini alichora.

Mwisho wa gemu ni Mwanza, tarehe 3 Agosti 1858, siku ambayo msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika ziwani akiwa na mwongozaji wake Sidi Mubarak Bombay, akaamua papo hapo kwamba hiki ndicho chanzo cha Nile, akalipa ziwa jina la malkia wake kabla hajaona hata ng'ambo. Mwenzake Richard Burton, aliyebaki Tabora mgonjwa, hakukubali, na ubishi huo uliendelea mpaka msafiri mwingine, Stanley, alipolizunguka ziwa lote mwaka 1875. Binti ndiye aliyeona kwamba 1858 ni mwaka uleule wa utenzi wa Mwana Kupona, akaweka beti mbili kwenye ukurasa wa ushindi. Na kabla ya ushindi unakutana na mvuvi mzee, Msukuma, ambaye ukimuuliza kama hapa ndipo Nile inapoanzia anakujibu: "Mimi namjua sato na namjua ningu. Huyo Nile simjui." Hayo ni maneno ya babu yao, alipoulizwa.

Tatizo lililobaki ni Khartoum, na lingine la Kagera. Khartoum mto unagawanyika, na awali aliyeshika Nile ya Buluu alipoteza. Binti amesoma kwamba sehemu kubwa ya maji yanayofika Misri hutoka nyanda za juu za Ethiopia, kwa hiyo anaona si haki; mtu akifika Ziwa Tana, inakotoka Nile ya Buluu, apewe angalau nusu ya ushindi. Mdogo amekubali, kwa shingo upande. Lakini Kagera hataki kusikia. Dada yake anasema ziwa nalo linapokea maji, mto mkubwa kuliko yote unaoingia ni Kagera, na vijito vyake vinaanzia Rwanda na Burundi, kwa hiyo Speke alisimama njiani na gemu letu limesimama naye. Anataka ngazi nyingine, ya kupanda hadi milima ya Burundi. Mdogo anasema gemu linaishia kwenye Jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa Mwanza, kwa sababu ndilo alilolichora vizuri kuliko vyote, na shule zinafunguliwa Jumatatu. Nimewaambia kila mmoja aandike hoja zake ukurasa mmoja, babu aamue.